Kiti cha Miraba Minne na Jasho la Tanga

Ijumaa moja natoka msikitini Ngamiani, bwana mmoja aliyeswali safu ya nyuma yangu akanivuta pembeni. "Mgosi, ulikalia nini? Kanzu yako huku nyuma imejaa magamba." Nikajipapasa. Kweli, vipande vyeusi vyembamba vilikuwa vimeganda kuanzia makalioni hadi nyuma ya magoti. Kabla ya kutoka nyumbani nilijibwaga dakika kumi kwenye kiti changu cha gemu, nikimjibu mteja ujumbe. Kiti chenyewe nilikinunua Dar es Salaam miezi 14 nyuma, kikaletwa na basi hadi stendi ya Kange ndani ya boksi lililoandikwa kwa herufi kubwa kuwa kinabeba kilo 150. Mimi nina kilo 104. Kwa hesabu ya boksi, nilikuwa bado na nafasi ya kumpakata mtoto wa darasa la saba.

Na boksi halikudanganya. Hadi leo hakuna chuma kilichopinda wala mguu uliokatika. Kilichokufa ni ngozi na sponji, na juu ya hivyo viwili boksi halikuahidi kitu. Tukisikia "kiti cha kazi nzito" wengi tunachanganya maswali mawili: kitanibeba? Na je, kitakalika? La kwanza linajibiwa na chuma. La pili linajibiwa na sponji, kitambaa na vipimo vya mwili wako mwenyewe. Na kwa sisi tunaoishi mji ambao chumvi ikiachwa wazi usiku, asubuhi unaikuta imelowa, kuna swali la tatu ambalo muuzaji wa Kariakoo halimjii hata ndotoni: kitauhimili unyevu?

Tuanze na umbo. Yale mabawa yanayokumbatia mbavu na mapaja hayakubuniwa kwa ajili ya mtu wa mezani. Ni ya gari la mashindano: dereva akikata kona kwa kasi mwili unarushwa upande, mabawa yanamzuia asihame. Kampuni ya DXRacer, iliyokuwa ikitengeneza viti vya magari, ilitoa kiti chake cha kwanza cha gemu mwaka 2006, na wengine wakafuata mkumbo. Sasa mimi sebuleni kwangu Makorora sikati kona yoyote. Mabawa ya kikalio kazi yake kwangu ni kunibana tu. Mtu mwembamba anakaa katikati yake bila kuyagusa; mwenye mapaja kama yangu anayakalia, na ndani ya ukingo ule mara nyingi mna bomba la chuma.

Kwa hiyo tangazo likikwambia upana ni sentimeta 56, chukua futi kamba upime lile bapa la katikati peke yake. Unaweza kukuta 38. Viti vilivyokusudiwa kweli watu wa miraba minne huwa vimeyalaza mabawa hadi kikalio kinakaribia kuwa tambarare. Siku hizi hiyo ndiyo alama ninayoitafuta kwanza, hata kabla ya kuuliza kilo.

Na kilo zenyewe zinatoka wapi? Marekani kuna chama cha watengenezaji wa samani za ofisi, BIFMA. Kiwango chao cha X5.1, katika toleo la 2017, kinamfikiria mtu wa hadi pauni 275, karibu kilo 125. Kwa watu wakubwa zaidi kuna kiwango kingine, X5.11, kinachofika pauni 400, yaani kilo 181. Ulaya wana EN 1335, na hicho kinaishia kwenye kilo 110. Kiti kinachopelekwa kwenye majaribio ya namna hii hakionewi huruma. Mzigo unadondoshwa juu ya kikalio mara 100,000, egemeo linasukumwa na kurudishwa, ile miguu mitano inakandamizwa kwa nguvu inayolingana na mzigo wa zaidi ya tani moja. Mtu wa tani hayupo, lakini binadamu hatukai, tunajibwaga, na mtu anayejibwaga anakipiga kiti kwa nguvu inayozidi sana uzito wake wa mizani.

Boksi langu lilitaja kilo 150 bila kutaja kiwango chochote. Namba ya hivyo ni neno la muuzaji. Yawezekana ni kweli, lakini hujui ni kilo 150 za mtu aliyetulia kama anapigwa picha ya pasipoti, au za mtu anayekaa, anageuka, anajilaza na kuinuka kwa miaka mitano. Tena kilo za kiti ni zile za kiungo chake kilicho dhaifu kuliko vyote. Fremu inaweza kubeba ng'ombe, na bamba la chini, lile linaloshika kikalio juu ya nguzo ya katikati, likawa la kubeba mbuzi.

Nilikipeleka kwa fundi sofa, katika mojawapo ya ile mitaa ya namba pale Ngamiani. Mzee wa makamo ya baba yangu. Nikamwamkia, akaitikia "marahaba, mwanangu" huku macho yake yameshafika kwenye kiti. Akakipindua, akachukua koleo, akaanza kung'oa pini moja baada ya nyingine bila haraka, akizitupa kwenye kopo la maziwa. Ngozi ilipovuka, chini ya kikalio ikaonekana fremu ya mabomba iliyovutiwa mikanda ya mpira, na miwili ya katikati ilikuwa imelegea.

"Hii si ndiyo teremka tukaze," akasema, akacheka peke yake.

Kwa vijana waliozaliwa na magodoro: teremka tukaze ni kitanda cha kamba. Kila baada ya muda kamba zinalegea, mlalaji anaambiwa ashuke zikazwe upya. Mikanda ya kiti nayo ni hivyohivyo. Ikilegea katikati, makalio yanazama, nyonga zinarudi nyuma na mgongo unapinda bila mwenyewe kujua. Unachojua ni kwamba jioni kiuno kinauma. Viti vizuri vina mikanda mipana iliyosogezwa karibukaribu na kunasishwa kwenye chuma kwa kulabu. Vya bei ya chini kabisa havina mkanda, vina kipande cha plaiwudi. Plaiwudi hailegei, ila sponji ikifa unakalia ubao.

Kisha akatoa sponji. Hapa ndipo mtengenezaji anapobania pesa, kwa kuwa hapaonekani. Sponji ya kiti inatengenezwa kwa njia mbili. Ya kwanza, kiwanda kinapika bonge kubwa kama la magodoro, kinalikata kwa kisu, kinavigundisha vipande kufuata umbo la kiti. Ya pili, kemikali zinamiminwa ndani ya kalibu yenye umbo la kiti, mara nyingi fremu ya chuma ikiwa imeshalazwa humo, zinaumuka kama maandazi na kuganda zikiwa zimeikumbatia fremu. Hii ya pili haina maungio ya gundi na hudumu na umbo lake muda mrefu zaidi. Ndiyo iliyomo kwenye viti vya magari. Fundi akaingia nyuma ya kibanda, akarudi na kikalio cha gari la Kijapani lililokwisha kukatwa chuma chakavu. Akakibonyeza kwa kiganja, kikarudi palepale. Akabonyeza cha kwangu. Kikarudi nusu, kikabaki na alama ya vidole vinne kama donge la unga wa chapati.

Kuna kipimo cha sponji kisichohitaji maabara. Watu wa magodoro wanazungumzia densiti, ambayo ni idadi ya kilo katika mita moja ya ujazo. Fundi akakata kipande cha sentimeta 50 kwa 50 chenye unene wa sentimeta 8. Hiyo ni mita za ujazo 0.02. Tukaenda nacho duka la jirani kwenye mizani ya unga. Mwenye duka akauliza kama siku hizi godoro tunauza kwa kilo. Mizani ikasoma gramu 560. Gawanya kwa 0.02, unapata kilo 28 kwa mita ya ujazo. Kwa kikalio cha mtu mzito anayekaa saa nane kwa siku, mimi ningetaka 50 na kuendelea. Kipande cha ukubwa uleule kingekuwa kilo moja au zaidi.

Ila uzito wa sponji si ugumu wake, na wauzaji wengi wanayachanganya hayo, wengine kwa makusudi. Sponji nyepesi inaweza kutengenezwa iwe ngumu, ukaikalia dukani ukaridhika, na baada ya miezi sita ikawa chapati. Ugumu unakwambia leo utakaa vipi. Densiti inakudokeza mwakani utakaa vipi. Na hata mizani ina pa kudanganyikia: kuna watengenezaji wanaotia unga wa chokaa ndani ya sponji ili izidi uzito. Mizani itakukamatia wengi, si wote.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa miraba minne na wembamba hawataelewana kamwe. Rafiki yangu wa Chumbageni ana kiti cha kilo 181, kimepimwa kwa kiwango kinachojulikana, cha bei ambayo sitaitaja mke wake asije akasoma. Mimi nikikikalia nasikia raha. Mpwa wangu wa kike, mwenye kilo 52, alikikalia dakika mbili akasema, "Anko, si bora nikakae barazani?" Alikuwa na haki. Sponji iliyopangwa kumpokea mtu wa kilo 150 haibonyei kwa kilo 52. Anaikalia kwa ile mifupa miwili ya makalio tu, kama mtu aliyekalia saruji. Kikalio kilikuwa kirefu hadi kikamchoma nyuma ya magoti, na visigino vyake havikugusa sakafu. Kwa hiyo kiti cha kilo nyingi si "kilekile lakini bora zaidi". Ni cha mwili mwingine. Ukikaa na mgongo wako umegusa egemeo, kati ya ukingo wa kikalio na nyuma ya goti papite vidole viwili au vitatu, na nyayo zote zikae chini. Hapo usikubali kubembelezwa na muuzaji.

Sasa magamba. Ngozi ya kiti changu ilikuwa ile inayoitwa PU, na si ngozi. Ni kitambaa kilichopakwa utando mwembamba wa poliyurethani, kikagongwa mihuri ya vinyweleo ili kifanane na ngozi ya ng'ombe. Poliyurethani nyingi za bei nafuu zimeshikana kwa viungo vya esta, na adui wa viungo hivyo ni maji. Molekuli ya maji inapenya na kukikata kiungo, kama mtu anayekata uzi wa tasbihi: shanga zinabaki nzima, lakini hakuna tena kinachozishika pamoja. Wanakemia wanaita hidrolisisi. Joto linaiharakisha, na jasho linaongeza yake. Wala haisubiri ukikalie kiti: kilichokaa ghalani mwaka mzima kwenye hewa ya unyevu kinakuja kwako kikiwa kimeshaanza kuzeeka ndani ya nailoni yake.

Weka hiyo kemia Tanga. Masika yanaingia Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na katikati yake bahari haitupi likizo. Feni inazungusha hewa ileile yenye maji. Mtu wa kilo 104 anatoka jasho mgongoni saa tano asubuhi. Kiti kilekile kingekuwa Dodoma, kwenye ukavu, nisingeshangaa kikafika mwaka wa nne bila gamba. Ndiyo maana maelezo unayoyasoma mtandaoni, ya mtu aliyeko London mwenye kipasha joto chumbani, akisema ngozi ya kiti chake bado nzuri, yanahusu kiti kingine kabisa hata kama jina ni moja.

Leza ya PVC, ile ya viti vya daladala, maji hayaikati namna hiyo. Yenyewe inakufa kwa kukauka: vilainishi vilivyotiwa ndani yake vinahama taratibu, inakakamaa, inapasuka, hasa ikipigwa na jua la dirishani. Kati ya PU ya bei nafuu na PVC nene, huku pwani nachukua PVC bila kusita. Lakini zote mbili hazipumui. Kitambaa kinapumua, ila kinakunywa jasho na kukaa na harufu usipokifua. Wavu unapitisha hewa kuliko vyote, na hapo nawakumbuka wazee wetu na kiti cha enzi, kile cha mpingo ambacho kikalio na egemeo vimewambwa kwa nyuzi. Egemeo lake limesimama wima kama askari wa gwaride, kilikuwa cha heshima kuliko starehe, lakini aliyekibuni alilijua jasho. Wavu wa leo wa kubeba mtu mzito lazima uwe umevutwa sana, na viti vyake vizuri si vya bei ya mchezo.

Chumvi ya bahari ina kazi yake nyingine. Fundi alipofungua bamba la chini, bolti nne zinazolishika zilikuwa na kutu ya rangi ya binzari, na moja alihangaika nayo kwa mafuta ya taa. Bolti hizi ni ndogo lakini ndizo zenye mateso. Ukikaa wima, uzito wako unashuka moja kwa moja kwenye nguzo ya katikati. Ukilaza egemeo hadi karibu usawa wa kitanda, kama wanavyopenda kupiga picha kwenye matangazo, uzito unahamia nje ya nguzo, ni sawa na mtu aliyetoka kwenye shina akaenda kuning'inia ncha ya tawi. Bamba, bolti nne na bawaba mbili za ubavuni ndivyo vinavyokuzuia usianguke chali. Bolti ikilegea kidogo, inacheza; ikicheza, inapanua tundu; tundu likipanuka, hakuna spana itakayokusaidia. Kale kaspana kalikopinda kanakokuja ndani ya boksi usikatupe. Kaza baada ya mwezi wa kwanza, kisha kila miezi mitatu au minne, na kabla ya kufunga paka grisi kidogo.

Nguzo yenyewe ndiyo inayozungukwa na hofu. Kuna video zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp kuwa viti vya gesi ni mabomu. Ndani ya bomba hilo, ambalo fundi wangu analiita shokapu, mna naitrojeni iliyogandamizwa, gesi isiyowaka, ambayo ndiyo asilimia 78 ya hewa unayovuta sasa hivi. Ukivuta wenzo, kipini juu ya bomba kinafungua tundu, gesi inapita kutoka chumba kimoja kwenda kingine na kiti kinapanda au kushuka, ukiachia, inafungiwa. Hatari ipo kwenye mabomba ya ovyo yenye chuma chembamba na maungio mabaya, ndiyo maana yanapangwa kwa madaraja, na kwa mtu mzito unatafuta daraja la 4, lenye kuta nene zaidi. Usilitoboe, usilitupe motoni. Kwa kawaida linakufa kwa upole: mipira ya ndani inalika, gesi inavuja, unaanza kazi ukiwa sawa na meza na kufikia adhuhuri kidevu kiko kwenye kibodi. Muhuri wa SGS, kampuni ya ukaguzi ya Uswisi, unaoukuta umechapwa juu yake ni dalili nzuri, lakini muhuri ni wino.

Kilichonifurahisha ni kwamba bomba hilo halifungwi kwa bolti hata moja. Limechongwa likasinyaa kidogo kuelekea mwisho, likatumbukizwa kwenye tundu lililosinyaa vilevile. Kila unapokaa linazidi kukaza, kama shoka la kienyeji ndani ya mpini wake. Kulitoa ni nyundo na uvumilivu.

Miguu sitaipigia ngoma. Alumini inang'aa na ni imara. Nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo ikiwa nene haina aibu, na haijui kutu. Ninachokikwepa ni chuma kilichopakwa rangi tu. Kwa sakafu ya vigae au saruji, magurudumu yawe yamevishwa mpira laini, vinginevyo nyumba nzima itajua unakwenda chooni. Mikono inayozunguka kila upande ni mizuri, lakini ndiyo ya kwanza kulegea. Kama nawe unainuka kwa kuiegemea, tafuta yenye mbwembwe chache na chuma kingi.

Kuhusu mgongo, mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Hans-Joachim Wilke walichapisha vipimo vya kihisio kilichowekwa ndani ya diski ya uti wa mgongo wa mtu aliyejitolea. Akisimama, mgandamizo ulikuwa megapaskali 0.50. Akikaa huku ameinama mbele kabisa, 0.83. Akijiachia kwenye egemeo, 0.27. Ni mtu mmoja tu, kwa hiyo namba si msahafu. Ila zilinifanya nijitazame ninavyokaa: nusu ya siku nimeusogelea uso wa kompyuta kama mtu anayetafuta sindano, na egemeo la laki kadhaa liko nyuma yangu halina kazi. Egemeo linamsaidia anayeegemea. Nikainua skrini juu ya madaftari mawili, nikavuta meza karibu, na ule mto wa kiuno wenye mkanda niliokuwa nikiulaumu nikauweka kabatini. Haukuwa na kosa, ulikuwa tu unanisukuma mbele zaidi.

Fundi alikaa nacho siku nne. Mikanda mipya sita badala ya minne. Sponji ya kikalio cha lile gari la Kijapani, aliyoichonga ikaenea, na juu yake tabaka jembamba laini. Kitambaa kizito cha sofa katikati, PVC kwenye kingo zinazosuguliwa. Shilingi 120,000, na fremu imebaki ileile ya kilo 150 isiyo na kiwango.

Kabla sijakipakia kwenye bajaji, mzee akakikalia mwenyewe kwanza. Akajigeuza kulia, akajigeuza kushoto, akajilaza, akafumba macho kidogo. "Kinakalika," akasema. Akainuka, akarudi kwenye kigoda chake cha mninga, akavuta kopo la pini karibu. "Ila ile bolti ya kushoto, mwanangu, uzi wake umelika. Masika yakiisha unirudishie."